Nimeuza Altezza yangu RS200: dalali, yadi, mtandao na fundi, nani yuko vizuri

Mliokuwa mnauliza ile Altezza ya silva iko wapi mbona siku hizi nasukuma IST, jibu ndio hilo, imeuzwa. Na kwa kuwa nimepita karibu kila mlango ambao mtu wa Dar anapita akitaka kuuza gari, nimeona niandike huduma ya kila mmoja ilivyokuwa, maana ushauri wa kununua gari umejaa kila kona ila wa kuuza hakuna, hasa kuuza gari ya zamani ambayo wewe mwenyewe unajua uzito wake halafu mwenzio anaona chuma chakavu chenye namba B (herufi ya kwenye pleti, kadiri iko nyuma ndivyo gari imesajiliwa zamani).

Kwanza gari yenyewe, bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilikuwa nawaka. Altezza nyingi mnazoziona mjini ni AS200, chesesi GXE10, injini ya 1G silinda sita, nguvu farasi 160, na nyingi ni oto. Gari nzuri, tulivu, haina neno. Yangu ilikuwa RS200, chesesi SXE10, ya 1999, gia sita za mkono, injini 3S-GE silinda nne cc 1998, VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) pande zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, Yamaha wametia mkono wao kwenye silinda hedi, valvu za titaniam, na hao farasi 210 wanakaa huko juu kabisa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Maana yake chini ya 4,000 gari imelala, unaweza kupitwa na Passo kwenye mataa ukaona aibu, ila ukivumilia ikavuka 6,000 inaacha kuunguruma inaanza kulia, na hapo ndio unaelewa kwa nini Wajapani waliipa tuzo ya gari bora la mwaka msimu wa 1998-1999, yaani imetoka Oktoba 1998 hata haijazoeleka barabarani tayari imebeba kombe. Kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, gia ya tatu, usukani unakwambia kila kokoto unayoikanyaga. Niliwahi kushuka ile njia na shangazi yangu, alivuta uradi mpaka tunaingia Mombo na hakunisemesha hadi Korogwe.

Ubaya wake upo, sitaficha. Bolojointi za chini za mbele ni za kukagua kila ukiinua gari, zikichoka usizichezee kabisa maana ikichomoka tairi linalala ukiwa njiani. Iko chini, kwa hiyo tuta lolote lililojengwa na wananchi wenyewe bila kipimo (mnayajua) unalipita kwa upande upande. Inapenda mafuta yenye oktini kubwa na inayapenda mengi, Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya nilikuwa nasikiliza kuliko habari za mpira. Na spea, aisee spea. Spea za 1G ziko tele kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, za 3S-GE hii ya VVT-i mbili utazunguka, na kila duka litakutolea kitu cha 1G likiapa kwa Mungu "ni ile ile dada, inaingia". Haiingii.

Kilichoniuzisha ni foleni na watoto. Klachi yake ni ngumu, na ukikaa Morogoro Road saa kumi na moja jioni goti la kushoto linakukumbusha umri wako, halafu nyuma kuna viti vya watoto viwili na mabegi na nani tena anataka kulia kwenye 7,000.

Sasa bei. Niliomba milioni 14, watu wakaona ni utani. Hebu pigeni hesabu na mimi. Ukitaka kuleta nyingine kama ile leo, unaanza na bei ya Japan ambayo imepanda kwa sababu Marekani gari ikifikisha miaka 25 inaruhusiwa kuingia, na wao hii ya silinda nne hawakuwahi kuuziwa, walipewa Lexus IS300 tu, kwa hiyo sasa wanazigombania. Jumlisha meli na bima. Halafu TRA: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 (bahati yetu haivuki cc 2000, ingekuwa 10), uchakavu asilimia 30 kwa kuwa imevuka miaka 10, VAT asilimia 18, na hiyo VAT inapigwa juu ya bei pamoja na ushuru wote uliotangulia. Hupati chini ya mara mbili ya bei yangu. Lakini soko la hapa halipigi hesabu hiyo, soko la hapa linaangalia herufi kwenye pleti. Namba D una heshima, namba C unasikilizwa, namba B unaonewa huruma. IST namba D iliyogongwa ikanyooshwa inauzwa ghali kuliko gari iliyobadilishwa mkanda wa taiming kwa wakati maisha yake yote.

Dalali. Nampa nyota 2, na zote mbili ni za uchangamfu. Alikuja na mwenzie, wakaizunguka, hawakufungua hata boneti, wakaniuliza gari ni ya mzee nyumbani? Nikasema ni yangu. Wakaangaliana. "Sawa dada, lakini namba B hiyo, namba B mwisho milioni nane. Ingekuwa D kesho asubuhi unachukua kumi na tano." Nikamwambia ni RS200, akasema ndio dada, Altezza, tunazijua. Hapo nilitakiwa kumuaga ila nikasema ngoja tuone, soko ni lake. Akapiga picha akaenda kuiposti, jioni naliona tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa ILIKUWA INATUMIWA NA MAMA KUENDEA KANISANI TU, HAIJAWAHI KUKIMBIZWA. Jamani mimi ni Muislamu, kwenye hizo picha zake mwenyewe nimetokea nimesimama na hijabu yangu pembeni ya mlango. Na hiyo ya haijakimbizwa nisiseme kitu.

Lakini kilichonitoa kwake ni cha juu. Akaleta mteja, ananiambia pembeni mteja anayo 9 mkononi, nikubali tu siku zenyewe ngumu. Dalali akapokea simu akasogea kule, mimi na mteja tukabaki tunaongea, nikamuuliza kaka kwa hiyo 9 ndio mwisho wako kweli? Akashangaa, 9 ipi, mimi nimeambiwa 12 na nusu. Tukakaa kimya wote wawili tunamwangalia dalali anavyocheka na simu yake. Kwa haki kabisa, dalali kula ni kazi yake, tukubaliane asilimia yake nimpe kwa moyo mweupe, ila milioni tatu na nusu juu ya kichwa changu halafu unaniambia siku ngumu, hapana. Mteja naye ile biashara ikamtia wasiwasi akaondoka, simlaumu.

Yadi nyota 1. Siitaji jina. Mpango wao ni unapaki gari kwao, wanauza, wanakata chao, na kwa kila mwezi unalipia sehemu. Karatasi nzuri, ofisi ina kiyoyozi, mhasibu anakuita madam. Nilichojifunza ni kwamba ukipeleka gari ya spoti kwenye yadi yenye vijana, unawapa toi. Nilipita bila taarifa nikakuta kiti cha dereva kimelazwa kama kitanda, redio iko stesheni ambayo sijawahi kuisikiliza, mafuta yameshuka na oili ya injini chini ya alama. Hii injini haitaki kukanyagwa ikiwa ya baridi, inatakiwa ipashe kwanza, na nilimwandikia meneja kabisa kwenye karatasi nikaibandika kwenye dashibodi. Karatasi niliikuta kwenye buti. Nilipouliza nikaambiwa "wateja wanajaribu madam". Wateja gani hao wanajaribu mpaka stesheni ya redio. Nikalipa deni la sehemu nikaondoka na gari yangu, na kama una Noah au Harrier yako ya kawaida labda huko ni sawa, wanazo nyingi na naona zinatoka.

Mtandaoni nyota 3. Bure, wengi wanaona, na unaandika mwenyewe bila kanisa. Ubaya ni zile meseji. "Bei ya mwisho?" hata salamu hakuna. "Namba gani?" wakati pleti iko kwenye picha. Wa kubadilishana ndio usiseme, nimepewa IST nimuongezee mimi hela, nimepewa bodaboda mbili na milioni nne, nimepewa kiwanja Chanika chenye mgogoro (alisema mwenyewe mgogoro unaisha). Mmoja alitaka alipe nusu, nusu nyingine mavuno yakitoka. Na vijana kama ishirini hivi ambao hawana shida ya kununua, wanataka tu "tuma klip ikiwa inalia". Hao sikuwachukia, nimewatumia wote.

Fundi sasa. Nyota 5, na ningeweza kumpa ya sita ningempa. Fundi wangu yuko Tegeta, ndiye kaishika hii gari miaka yote, nilipomwambia naiuza akanyamaza kidogo akasema ungeniambia mapema, wanaozitaka hizi huwa hawasomi matangazo, huwa wananipigia mimi. Siku chache akanipa namba ya kijana mmoja wa Arusha. Kijana akapiga, shikamoo nyingi, halafu ombi lake la kwanza: "Dada naomba nikija nisiikute imewashwa." Nikajua huyu ndiye.

Alikuja asubuhi na mapema. Jambo la kwanza akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi kweli, mimi wala sikukasirika, ndio inavyotakiwa. Akafungua, akasoma kile kibati cha chesesi taratibu kwa kidole mpaka kwenye SXE10, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akafungua kifuniko cha oili akakigeuza kuangalia kama kuna maziwa maziwa ndani, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Hakuna. Akasema washa, akasimama upande wa mkanda ameinamisha sikio anasikiliza zile gia za VVT-i kama zinagonga ikiwa ya baridi, mkono umenyooka juu ananizuia nisiguse mafuta. Halafu jeki, akashika tairi la mbele juu na chini akalitikisa, akalala chini kabisa na shati lake jeupe. Hakuniuliza namba ya gari hata mara moja. Aliniuliza mkanda wa taiming ulifungwa lini na risiti iko wapi, na mimi nina faili, kila risiti tangu gari inatoka bandarini, kuanzia bushi hadi plagi, akakaa kwenye kibaraza akalisoma lile faili lote chai ikampoa. Mume wangu akachungulia dirishani akaniuliza huyu ni mteja au mkaguzi wa mahesabu.

Tukaenda kuijaribu Bagamoyo Road. Aliendesha kistaarabu mpaka ikapasha, ndipo akaomba ruhusa. Nikamwambia angalia vibao vya spidi hamsini na tochi (vipima spidi vya trafiki), sehemu iliyobaki ni yako. Tulimaliza kwa 13, akaniomba nusu milioni nyingine ya nauli na mafuta ya kurudia Arusha nikakataa, tukacheka, nikampunguzia laki mbili.

Makaratasi kwa haraka. Mkataba kwa wakili, kila mtu na NIDA na TIN yake, kadi orijino, pesa tulikwenda benki wote wawili ikaingia kwenye akaunti mbele yangu, meseji ya kuonyeshwa kwenye simu ya mtu msiikubali hata akiwa mjomba wako. Kabla hajaja nilishaangalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki, nikalikuta moja la elfu 30 la tochi nikalilipa. Kubadilisha umiliki TRA kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, tulikubaliana analipa yeye, lakini nilikwenda naye mwenyewe, sikumwachia kadi aende nayo tu akabadilishe "wiki ijayo". Ukiacha hivyo kila tochi atakayopigwa kuanzia Chalinze mpaka Usa River inasoma jina lako, na kwa gari ile atapigwa.

Fundi nilimpa asilimia tano ya pesa bila yeye kuomba, akasema ni nyingi, nikamwambia dalali alitaka milioni tatu na nusu kwa kunipeleka kanisani.

Stoo kumebaki mkanda wa taiming mpya wa 3S-GE na plagi nne, boksi halijafunguliwa, kijana alisema vyake vipo. Mwenye SXE10 anipigie tuelewane, bei nzuri. Mwenye 1G tafadhali, haiingii.