Sulwe mbele ya watoto 34 wa Kisauni

Kitabu cha picha Sulwe nilikinunua shule zilipofunguliwa, karibu shilingi elfu mbili, na kwa mshahara wa mwalimu wa PP2, darasa la chekechea, hizo si pesa za kuchezea. Mume wangu alikipima mkononi, akakipeperusha kurasa, akaniuliza, "Vijikurasa hivi ndivyo elfu mbili?" Nikajifanya sikusikia.

Muhula uliotangulia darasani kwangu kulizuka mchezo wa kubandikana majina. Nina watoto 34, na rangi zao ni za Mombasa hasa: weusi tii wamo, maji ya kunde wamo, wenye nywele za singa wamo, na safu ya mbele kabisa yuko mvulana mwenye ualbino. Msichana mmoja alibatizwa Makaa. Jina alilopewa yule mvulana sitaliandika. Nikawasomea hadithi za wanyama, zile za ndege asiyefanana na wenzake, anatengwa, mwishowe anapendwa. Walimwonea huruma yule ndege mpaka basi. Kengele ya mapumziko ikalia, wakatoka mbio, na neno la kwanza nililolisikia uwanjani ni "Makaa!"

Nikaamua nitafute kitabu chenye mtu ndani. Sulwe ni cha Lupita Nyong'o, huyu mwigizaji wetu aliyeshinda Oscar mwaka 2014, na kilitoka mwaka wa 2019. Aliyechora ni Vashti Harrison. Jina Sulwe ni la Kijaluo, maana yake nyota. Sulwe ni mtoto mweusi kuliko wote nyumbani kwao, naye dada yake Mich ni mweupe na kipenzi cha watu.

Nakala yangu ni ya Kiingereza, basi macho yanasoma Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili. Hapo kitabu kikapata utamu ambao sidhani mwandishi aliupanga. Kila mtu katika ile familia ana wakati wake wa siku: mama ni alfajiri, baba ni magharibi, Mich ni saa sita mchana, Sulwe ni usiku wa manane. Sasa kwa mtoto wa Kisauni alfajiri na magharibi ni adhana, anazisikia kila siku. Sijafungua ukurasa wa pili mmoja akadakia, "Ticha, mimi ni alasiri." Jirani yake akaunyoosha mkono, akaulinganisha na wa mwenziwe: "Mimi isha." Swala tano zikagawanywa zikaisha, wale wa Kikristo wakaanza kuchukua saa, mmoja akajitangaza kuwa saa kumi na mbili kasorobo. Yule aliyeitwa Makaa alisimama kabisa. "Usiku wa manane ni mimi," akasema, kama mtu anayewahi kiti kwenye matatu. Kulikuwa na mwingine aliyekitaka kiti hicho, na ilibidi niwaamue.

Ukurasa wa raba ujiandae nao. Sulwe anajisugua ngozi kwa raba ya penseli, kisha anajipaka vipodozi vya mama yake, kisha anakula vyakula vyeupe tu, kisha anamwomba Mungu. Kwenye raba walicheka. Vyakula vyeupe wakavitaja wenyewe, wali, ugali, tui la nazi. Kwenye vipodozi sauti moja ndogo ikasema, "Mamangu ana krimu ya hivyo." Nilifungua ukurasa uliofuata upesi kuliko inavyompasa mwalimu. Kesho yake langoni mama mwenyewe akanisimamisha: "Mwalimu, kumbe ni wewe unayemfunza huyu kunikagua kabati?" Alicheka nusu, nami nikacheka nusu.

Kuhusu ile dua, Lupita alisimulia hadharani mwaka 2014 kwamba utotoni naye alikuwa akiomba aamke akiwa mweupe. Mimi nilikuwa nalijua hilo, na sauti yangu ilibadilika nilipofika pale.

Kisha inakuja nyota, inambeba Sulwe, inamsimulia habari za ndugu wawili, Usiku na Mchana. Mchana anasifiwa, Usiku anatukanwa mpaka anahama, na watu wanabaki na jua lisilokuchwa. Mwanzo wanafurahi, baadaye wanataabika. Hapa watoto walitulia wote, hata wale wawili wasiotulia kwa kitu. Hadithi hii ndani ya hadithi ndiyo iliyonirudishia elfu mbili zangu. Mwisho wenyewe una haraka. Anaota usiku mmoja na anaamka kidonda kimepona.

Kilichonisumbua zaidi ni yule mvulana wa safu ya mbele. Kurasa za usiku zina buluu na zambarau nzito, macho yangu huyapenda sana hayo, lakini yeye haoni vizuri, na dirisha moja lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Niliposema "tazameni uso wake", yeye alikuwa anatazama ubao wa giza. Siku hizi nampa kitabu kwanza, akilaze karibu na pua yake, akimaliza ndipo nasomea wote. Ukiwa na mtoto kama yeye, tafuta mwanga kabla hujafungua jalada.

Na jambo lingine ni la hadithi yenyewe. Katika kitabu hiki weupe ndio unaosifiwa na weusi ndio unaodharauliwa. Mtoto ambaye weupe wake ndio unaomletea matusi hajaandikiwa nafasi. Aliuliza mwenyewe, "Ticha, na mimi ni saa ngapi?" Wenzake wakaimba kwa pamoja, "Saa sitaaa!" Akakataa. "Saa sita jua linaniunguza." Kweli tupu, huyu ni mtoto wa mikono mirefu na kofia pana hata siku ya joto la Februari. Nikatafuta la kumsaidia nisilipate. Akafikiri kidogo, akakumbuka kile chakula cha Ramadhani cha kabla ya alfajiri, akasema, "Mimi ni daku."

Darasa lilianguka kwa kicheko, naye mwenyewe akiwemo, na kabla hakijaisha kuna watatu walishabadili, nao wanataka kuwa daku.

Makaa halijafa. Nimelisikia mara mbili tangu siku ile, na zamani lilikuwa kila mapumziko. Kitabu nakipa nyota nne, ya tano ameondoka nayo mtoto asiyepewa saa. Kwa mtoto mmoja nyumbani, jioni kitandani, taa iwe kali. Kwa darasa, kisome kwa mafungu mawili, ukate pale nyota inapoingia dirishani, maana maswali ya vipodozi vya mama yatakula nusu saa. Lile jalada la karatasi la juu livue ulifiche. Langu lilikaa siku mbili, mara ya mwisho nililiona limekuwa kofia.