Aedes do Bem: jenetiki imekaa sawa, ila ua wa nyumba moja ni mdogo mno

Aedes do Bem ni kisanduku cha mayai ya mbu kinachouzwa Brazili na kampuni ya Oxitec. Mayai na chakula cha viluwiluwi vinakuja pamoja. Mtumiaji anatia maji safi, anakiweka nje kivulini na kukiacha. Baada ya siku 10 hadi 14 wanaanza kutoka Aedes aegypti wazima, wote madume. Dume hanyonyi damu, hivyo hawezi kumwambukiza mtu dengi, zika wala chikungunya. Anatoka kutafuta jike wa mtaani, basi. Mayai mapya huwekwa kila baada ya siku 28.

Mbu hao ni wa aina ya OX5034, iliyopata kibali cha CTNBio, tume ya usalama wa kibayolojia ya Brazili, mwaka 2020. Wamepachikwa jeni ya protini iitwayo tTAV, na jeni hiyo imeunganishwa na kipande cha doublesex, jeni ambayo ujumbe wake (RNA) hukatwa na kuungwa kwa namna mbili tofauti katika seli za dume na za jike. Kwa dume, ujumbe unaungwa vibaya na protini kamili haipatikani. Kwa jike unaungwa sawasawa: tTAV inatengenezwa, inaishika jeni yake yenyewe na kuichochea itengeneze tTAV zaidi, mpaka seli inashindwa kufanya kazi zake na kiluwiluwi kinakufa kingali kidogo. Breki ya mzunguko huo ni tetrasaiklini, aina ya antibayotiki, maana tTAV iliyoshikwa na dawa hiyo haiwezi kushika DNA. Kiwandani dawa inatiwa kwenye maji ili majike waishi na kutaga. Kwenye kisanduku haimo.

Ukilinganisha na OX513A, aina ya zamani ya kampuni hiyohiyo, hatua iliyopigwa ni kubwa. OX513A iliua watoto wa jinsia zote mbili, kwa hiyo haikuweza kuchuja majike kabla ya kuachiwa. Ilibidi mapupa, yaani hatua ya kati ya kiluwiluwi na mbu mzima, yachambuliwe kwa ukubwa, kwa kuwa pupa la jike ni kubwa kuliko la dume, kisha mbu wazima wenye mabawa dhaifu wasafirishwe hadi mtaani. Sasa uchambuzi unafanywa na jeni yenyewe, ndani ya maji, na kinachosafirishwa ni mayai makavu yanayostahimili miezi. Ndiyo sababu mtu asiye na maabara anaweza kukitumia.

Tofauti ya pili iko kwenye uzao. Dume wa kisanduku ana nakala mbili za jeni, hivyo kila mtoto anapata moja. Mabinti wote wanakufa, wana wote wanaishi. Wana hao wakipandana na majike wa kawaida, nusu ya watoto wao wanairithi na mabinti walioirithi wanakufa. Kizazi kinachofuata ni robo, kisha moja ya nane, na cha tano ni 1 kati ya 16. Jeni inaendelea kuua kwa vizazi kadhaa bila kujisambaza, kisha inapotea. Anayekihofia akidhani ni ule mfumo wa jeni inayojilazimisha kurithiwa na watoto wote, amechanganya vitu viwili. Huu unahitaji kujazwa tena na tena, na muuzaji naye hachukizwi na hilo.

Tatizo ni hesabu ya kupandana. Jike wa Aedes aegypti kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Manii anayahifadhi kwenye vifuko vitatu na kuyatumia kila anapotaga, na majimaji ya tezi za dume yanamfanya awakatae wanaokuja baadaye. Dume wa kisanduku akichelewa kwa siku moja, jike huyo ameshampotea kabisa. Ataendelea kunyonya damu na kutaga mayai mazima hadi afe. Kwa hiyo madume wa kisanduku lazima wawazidi kwa mbali madume wa mtaa, tena mfululizo, kila siku wanapozaliwa majike wapya. Ongeza mayai yaliyogandia kwenye kuta za ndoo na matairi yakingoja mvua. Mwezi wa kwanza usitegemee kuona tofauti yoyote, na hilo si kasoro ya bidhaa.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wazo la kumuuzia mwenye nyumba mmoja. Mbu huyu haruki mbali, mara nyingi chini ya mita 200, lakini umbali huo unatosha kuvuka kuta kadhaa. Jike aliyepandwa kwa jirani anaingia kwako akiwa na mimba tayari, na madume wako hawana la kumfanya. Majaribio ya Indaiatuba, jimbo la São Paulo, mwaka 2018 na 2019, yaliyoonyesha mbu kupungua hadi asilimia 96, yalihusisha mitaa, si ua wa mtu mmoja. Tena takwimu hizo ni za mbu, si za wagonjwa. Mbinu ya kuwaambukiza mbu bakteria Wolbachia ili wasieneze dengi, kwa kulinganisha, ilipimwa Yogyakarta, Indonesia, kwa kuhesabu wagonjwa wenyewe, na dengi ilipungua kwa asilimia 77.

Yapo makosa ya mtumiaji yanayoua kazi yote. La kwanza ni dawa ya kupulizia: madume hawa wanakufa nayo kama mbu wengine, kwa hiyo ukifukiza uani umejichomea pesa. La pili ni jua kali, linalopika viluwiluwi ndani ya plastiki. Baridi haiui, ila inachelewesha. Siku 14 zinapita bila kitu na mtu anadhani mayai yameharibika. La tatu ni antibayotiki. Marekani, kibali cha majaribio cha mwaka 2020 kilikataza kuachia mbu hawa ndani ya mita 500 kutoka mitambo ya majitaka na mashamba ya ng'ombe, kuku au nguruwe, kwa kuwa tetrasaiklini ikiwa nyingi majini mabinti wanaweza kuokoka. Maji ya karibu na zizi yasitiwe kisandukuni kamwe.

Wala usihesabu mayai ukataka mbu wa idadi hiyo. Nusu ni ya kike na imekusudiwa kufa. Usitarajie pia nafuu dhidi ya Anopheles wa malaria au Culex anayekusumbua usiku, maana madume hawa hutafuta majike wa spishi yao tu.

Kwa nyumba moja katikati ya mtaa ambao hakuna mwingine anayeshiriki, tunatoa nyota mbili kati ya tano. Kwa shule, kiwanda au kundi la nyumba zilizokubaliana kubadilisha mayai kwa tarehe moja, nne. Atakayenunua aweke mitego ya mayai wiki nne kabla: kikombe cheusi, maji, kipande cha mbao chenye uso wa kukwaruza, kisha ahesabu mayai kila wiki, na aweke mingine mahali pasipo na visanduku ili awe na cha kulinganisha. Na wanaotoka kisandukuni awatazame kwa lenzi: dume ana vipapasio vyenye manyoya tele kama brashi ya chupa, jike vyake ni vyembamba, nywele zake za kuhesabika. Akiona majike wanatoka humo, amwage maji yote kwenye mchanga mkavu na adai mayai mengine.