Mosquito, ndege ya mbao: nimeiona kwa macho ya fundi wa majahazi wa Nungwi

Nilipokwenda London, mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, nikupeleke ukaone nini?" Nikamwambia, kitu kilichojengwa kwa mbao. Akanipeleka London Colney, makumbusho ya ndege za de Havilland, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiunda ndege.

Ndege zimo nyingi, hata Comet ya abiria yenye madirisha ya pembe nne. Mimi nilinasa kwenye Mosquito, ndege ya kivita, yenye tumbo la manjano. Ndiyo ya kwanza kabisa, iliyoruka tarehe 25 Novemba 1940, na mafundi wameirudishia sura yake.

Mbao, wenzangu! Ubavu wake ni plaiwudi nje, plaiwudi ndani, na katikati balsa, mti mwepesi wa Ecuador. Kiwiliwili walikijenga nusu mbili juu ya kalibu, wakapanga nyaya na mabomba zingali wazi, kisha wakaziunga kwa gundi kama maganda ya chaza. Sisi hapa chombo tunaanza na mkuku, uti wa mgongo wake wa chini. Ile haina mkuku, ganda lenyewe ndilo linalobeba. Nilikumbuka mtepe wa wazee wetu: mbao zinashonwa kwanza kwa kamba ya nazi, mataruma, zile mbavu za ndani, yanafuata.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aluminiamu ilikuwa ikigombaniwa, kazi ikapelekwa hadi kwa maseremala wa viti na makabati. Zilitoka zaidi ya 7,700. Kwa kweli nilijisikia fahari kwa ajili ya maseremala wale, kama ni ndugu zangu.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya India. Mwaka 1944 Mosquito zilisimamishwa kuruka huko, baada ya viungo vya mbawa kuonekana vimeachia. Fundi yeyote wa pwani anaelewa: unyevu ukishapenya kwenye kiungo, huna chombo tena.

Pale makumbusho, wanaozitunza ndege wengi ni watu wa kujitolea. Mzee mmoja alinionyesha tabaka za mbao, kidole kwa kidole, huku mpwa wangu akitafsiri. Nikamfungulia viganja vyangu aone sugu za tezo. Akanifungulia vyake.

Fundi ukijaaliwa safari ya huko, nenda, na utenge siku nzima. Chukua sweta. Picha za viungo ninazo kwenye simu. Anayetaka kuziona anifuate ufukweni, nipo chini ya jahazi tunalolitia kalafati.