Huyu wa Kitambaa Ashuke Kwanza

Naanza na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Rolakosta za kufyatua, yaani treni za bustani za burudani, hizi zisizopandishwa mlima kwa mnyororo bali zinakurusha ukiwa chini pale pale, hazistahili foleni yake. Naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya vyoo, kwa kuwa vilikuwa visafi na maji yalikuwepo. Anayetaka kujua urefu wa reli na idadi ya mabehewa atafute mwenyewe, hayo yako kila mahali. Mimi nina langu na kijana mmoja mwenye kipaza sauti.

Ilikuwa Ulaya, wakati wa likizo za shule, mwaka jana kama si ule wa kabla yake. Jina la bustani silitaji, sitaki kesi. Nilikwenda kumtazama kaka yangu aliyelowea huko, na mwanawe, mtoto wa sekondari, akashikilia kuwa sirudi Mombasa bila kupanda. "Shangazi, ile ndiyo yenyewe," kutwa kucha. Baba yake akatoa pesa za kiingilio. Nilipozigeuza kuwa shilingi kichwani nikanyamaza, maana kwa kiasi kile watoto wote wa Kibokoni wangepanda bembea za Makadara Idi nzima na bado wakabakiwa na za mabuyu na achari.

Haya. Asubuhi tulianza na ya mbao, kuukuu, inalia kila kiungo. Hiyo niliipenda, na niseme kwa nini, kwa sababu ndiko ubishi wangu uliko. Mnyororo unaikamata treni kwa chini, tak, tak, tak, mnapandishwa polepole hadi mnaona mapaa ya mji. Una wasaa wa kujuta. Una wasaa wa kusoma Ayatul Kursi ukaimaliza, ukaanza tena. Mzee wa Kizungu aliyekaa kando yangu alikuwa ameshafumba macho hatujafika hata nusu. Kileleni inasita kidogo, halafu uzito wenu wenyewe unawavuta chini, tumbo linabaki juu. Hofu umeikusanya mwenyewe, kidogo kidogo, na pale unaimaliza yote kwa mpigo. Ya kufyatua haikupi nafasi hiyo. Inakuchukua hujajiandaa, na ikikurudisha bado hujajiandaa.

Foleni yenyewe hainitishi. Nimevuka Likoni miaka na miaka kwenda kazini, foleni naijua. Ila ya feri ina mwisho wenye faida, unafika ng'ambo.

Mle foleni mtoto akaanza kunisomesha. Alinieleza habari za Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, iliyofunguliwa 2005. Mnara wa mita 139, treni inatoka kwenye kusimama hadi kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5. Nikamwuliza, baada ya hapo? Akasema unapanda mnara, unashuka mnara, basi. Nusu dakika, kwisha. Na iko wapi sasa? Akainamisha kichwa: waliifunga 2024, na Februari 2025 wakaulipua mnara kwa baruti. Nikamwambia, umeona? Kitu kizuri hakilipuliwi. Akanijibu kwa adabu, lakini kwa uchungu, kwamba kuna watu waliolia. Akaja na nyingine, Top Thrill Dragster ya Ohio, ya 2003. Hiyo iliacha kazi 2021 baada ya kipande cha chuma kung'oka kwenye treni na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa amesimama kwenye foleni. Hapo nikasogea nyuma hatua moja. Wakaing'oa mitambo ya mafuta, ile inayosukuma kwa shinikizo la mafuta, wakaweka ya sumaku, wakaifungua upya Mei 2024 kwa jina la Top Thrill 2, na haikumaliza hata wiki mbili ikafungwa tena hadi msimu wa 2025. Na haya yote mtoto anayasema kwa fahari, eti anitie hamu!

Alichokuwa akikiombea hasa ni treni ishindwe kufika kileleni. Hutokea kwenye zile za minara: upepo ukivuma vibaya, au baridi ikizidi, msukumo unapungua na treni inarudi kinyumenyume mpaka breki zilizoinuka kwenye reli ziipunguze kasi. Salama kabisa, anasema, kisha unafyatuliwa mara ya pili bila kulipa. Wapenzi wa mambo haya huhesabu hiyo kuwa bahati. Nilimtazama tu.

Zamu yetu ikafika. Tukakaa, chuma kikashuka mapajani, treni ikasogea hadi pa kufyatulia. Mtandio wangu nilikuwa nimeubana nyumbani, ncha zote ndani ya koti, koti limefungwa hadi shingoni, kwa sababu najua kitambaa kinachopepea karibu na magurudumu ni hatari na sihitaji kufundishwa. Tukangoja. Moyo unapiga, mikono imeshika, meno yamekazwa. Hakuna kitu. Kipaza sauti kikasema kuna hitilafu ndogo. Tukangoja tena, jua liko utosini, na mimi na hofu yangu yote niliyokwisha kuitoa haina pa kwenda. Mwanamke wa nyuma akaanza kuomba kwa lugha nisiyoijua.

Ndipo akaja yule kijana, anapita kwenye vidaraja vya pembeni, ufunguo mkononi, anatafuna kitu. Akanyoosha kidole kwangu. Na kwa kipaza sauti, foleni nzima inasikia: "Huyu wa kitambaa ashuke kwanza."

Mtoto wa kaka yangu alinitafsiria kwa sauti ya chini, masikio yamemwiva. Nikamwambia amwulize, kwa nini mimi, si chombo ndicho kilichoharibika? Jibu: anataka kuona kama kitambaa ndicho kilichochanganya vihisio, vile vidude vinavyohisi treni iko wapi. Kitambaa kiko ndani ya koti! Vihisio viko chini ya reli! Akanizunguka akaangalia, akaona hakuna kinachoning'inia, akageuka akaendelea na abiria wengine. Samahani hakuna. Tukateremshwa sote ngazi ya chuma. Tulipouliza nafasi yetu kwenye foleni inakuwaje, hakujibu, alionyesha ubao. Ubao unasema kifaa kikisimama, bustani haidaiwi chochote.

Jamani. Makanga wa matatu ya Kongowea, na mdomo wake wote, hata akinifokea nisogee ndani ataniita mama. Mwenye bembea Makadara kitu kikikwama humpandisha mtoto tena, au atamrudishia pesa yake huku akimtania ili asilie. Huyu ana sare, ana kofia, amefundishwa kutabasamu, na nimemwona akiwatabasamia wengine. Wa kitambaa! Nina jina, na nina mtoto mkubwa kuliko yeye. Kaka yangu aliposikia jioni ile alisema "ndivyo walivyo, zoea". Sizoei.

Sasa, mwenzangu utasema hasira ni ya mtu, chombo kina kosa gani. Kina kosa. Ya mnyororo ni mota, mnyororo na subira. Ya kufyatua ya mafuta ina pampu zinazobana gesi ya naitrojeni kwenye matangi, kisha nguvu yote inaachiwa kwa mara moja kuzungusha winchi, na kamba ya chuma inaivuta treni. Ya sumaku inahitaji umeme mwingi kwa sekunde chache, na kila sumaku iwake kwa wakati wake treni inapopita. Kitu kimoja kisipokaa sawa, kompyuta inakataa, mnabaki mmeketi. Kukataa ni haki yake, bora ikatae. Lakini basi usiniuzie mshtuko wa sekunde chache ambao kila mara uko mikononi mwa kidude fulani kinachoweza kuamka vibaya.

Nilipowasimulia nyumbani, waliokuwa barazani na mume wangu wakalirukia: kaunti ijenge moja pale Mama Ngina, watalii wafurike! Nikawajibu kutoka dirishani. Chumvi ya bahari inayokula madirisha ya Mji wa Kale itakula reli ile kwa raha zake. Na stima ikipotea? Breki hazina neno, nyingi ni sumaku za kudumu, hazingoji umeme. Kufyatuliwa ndiko kutakuwa hakuna, na watu watakaa pale wamefungwa mapaja wakitazama meli zikiingia Kilindini. Mmoja wao aliyefanya kazi Ghuba akajitapa kuwa ameipanda Formula Rossa ya Abu Dhabi, ya mwaka 2010, kilomita 240 kwa saa, unapewa na miwani mchanga usikuingie machoni. Nikamwuliza, ulifurahi? Akarudia: kilomita 240 kwa saa. Huyo naye hakunijibu.

Ila kuna jambo sijalisema, na nikilificha sitakuwa nimetenda haki. Jua linakaribia kuzama chombo kikafunguliwa, mtoto akanibembeleza, tukarudi. Kijana yule hakuwepo, zamu yake ilikwisha. Alikuwepo binti mmoja mpole, akagusa koti langu kwa heshima, akasema "vizuri sana". Tukafika pale pale tulipoteremshwa. Treni ikarudi nyuma kidogo, inchi chache, ikajishikiza kwenye kile kinachoivuta. Nilisikia chuma kikikutana na chuma chini ya makalio. Breki mbele yetu zikazama ndani ya reli, moja moja, nikaziona. Ikawa kimya. Nikavuta pumzi niseme bismillahi.

Nilifika "bismi". Mgongo ukabandika kitini. Machozi yakakimbilia masikioni badala ya mashavuni. Kinywa kilikuwa wazi na sikuweza kukifunga, ulimi umekauka mara moja, na pete ya ndoa niliisikia ikinibana kidoleni kwa jinsi nilivyoshika. Na nilikuwa nacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, sijacheka hivyo tangu niko msichana. Mnara tulipanda tukashuka, sikuuona vizuri, na kabla sijamaliza kucheka tukawa tumesimama.

Basi nyota tatu. Hapana, nne. Ile sekunde ya kimya kabla ya kufyatuliwa ndiyo mlima wa mnyororo, wameukunja tu wakauweka mahali padogo. Wanaosema hizi za kufyatua hazina mashaka ya kusubiri hawajakaa pale breki zinapozama. Na si zote zinakwisha mara moja: mtoto anasema Taron ya Phantasialand, Ujerumani, ya 2016, inafyatua mara mbili, na katikati inakuzungusha kwenye miamba, haina hata mnara wa kujitapa. Hiyo ningeipanda. Kasi peke yake haishibishi, lakini kasi yenye njia ya kupita ni jambo jingine.

Halafu nakumbuka kidole kile, na nyota zinarudi mbili. Maana starehe ile ingekuwa yangu mchana, kwa hofu mbichi, bila kushushwa mbele ya watu. Furaha yenyewe niliyoipata jioni nusu yake ilikuwa ukaidi.

Niliporudi Mombasa niliwaandikia malalamiko, mtoto akayaweka kwa lugha yao, ukurasa mzima, na nikasisitiza lile neno "kitambaa" libaki. Ikapita muda, nikajibiwa na mtu asiye na jina kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Juu ya kijana wao, hata herufi moja. Chini ya barua walinitunuku kuponi ya punguzo la kiingilio, itumike msimu huo huo, haibadilishwi kwa fedha. Mimi niko Kibokoni! Nikamtumia mtoto wa kaka yangu. Akaenda na rafiki zake, akanipigia usiku ana furaha tele: foleni ilikuwa fupi, chombo hakikusimama mchana kutwa, wamepanda hadi wamechoka. Na yule kijana mwenye kipaza sauti? "Ah, Shangazi, leo alikuwa mcheshi kweli." Nikamkatia simu.