Kitabu cha Haben Girma: nyota nne, ya tano nimeikata makusudi

Nianze na ushauri wa hela. Kama unakitaka Haben: The Deafblind Woman Who Conquered Harvard Law, ambacho ni simulizi ya maisha ya mwanasheria wa Marekani ambaye ni kiziwi asiyeona, usihangaike kuagiza cha karatasi, gharama ya kukisafirisha inaweza ikaizidi bei ya kitabu chenyewe. Chukua cha kusikiliza. Kimesomwa na Haben Girma mwenyewe kwa sauti yake, na hapo ndo utajua wale wanaodhani kila kiziwi ni bubu hawajui wanachoongea. Kuna kiziwi asiyesikia kabisa na kuna anayesikia kidogo, kuna kipofu anayeona vivuli, huyu dada ana kidogo cha kila kimoja na hicho kidogo kimekuwa kikipungua tangu utotoni.

Kwa asiyemjua, amezaliwa 1988 kule California, mama ni Mueritrea aliyekimbia vita akapitia Sudan kama mkimbizi, baba wa Ethiopia. 2013 akamaliza sheria Harvard, kiziwi asiyeona wa kwanza kuhitimu kitivo kile. Helen Keller, yule Mmarekani maarufu ambaye naye alikuwa kiziwi asiyeona, alipata digrii yake 1904 lakini Radcliffe, chuo cha wanawake jirani na Harvard, maana Harvard enzi hizo ilikuwa haichukui wanawake, yani hata angekuwa anaona na kusikia vizuri bado mlango ungefungwa. Kaka yake Haben, Mussie, naye ni kiziwi asiyeona, bibi yao alimpeleka shule huko Eritrea akajibiwa mtoto wa hivyo hasomi. Basi, imeisha. Jibu hilo halina uraia jamani.

Sasa sehemu iliyonifanya nikisifie ni kantini. Wala sio Harvard! Ni pale Lewis & Clark, chuo alichosoma digrii ya kwanza huko Oregon. Wenzake wanasoma menyu iliyobandikwa, wanachagua foleni, yeye haioni, na ile kelele ya bwalo hata ukimsomea hakusikii, kwa hiyo anapanga foleni yoyote tu, anapewa sahani, anatafuta meza, anakuja kujua amebeba nini akishaonja. Na wakati huo alikuwa hali nyama! Anaomba menyu aletewe kwa imeili ili aisome kwenye kompyuta yake, meneja anamwambia tuna wanafunzi zaidi ya elfu, hatuna muda wa mahitaji maalum. Mwanzoni anajisemea moyoni mama yangu alikuwa mkimbizi, mi nani nilalamikie chakula, hili wazo tunalijua wote, ukisaidiwa unaambiwa shukuru unyamaze. Wakati chakula chenyewe wala si cha bure, analipia kama wengine.

Baadaye akaingia kusoma sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, akarudi kwa meneja akamwandikia kistaarabu kabisa kwamba kula sio hitaji maalum, kila mtu anakula, na msipobadilika nitachukua hatua. Meneja akaomba radhi, menyu zikaanza kuja. Mwaka uliofuata akaja mwanafunzi mwingine asiyeona, akakuta menyu inamsubiri, hajagombana na mtu. Nikaanza kuelewa kwa nini alienda kusomea uwakili, sheria ilishamlisha.

Kitu kingine nilichokipenda ni anavyoelezea mashine yake. Unataipu kwenye kibodi isiyo na waya, maneno yanaenda kwenye kifaa chake cha nukta nundu, vinukta vinapanda na kushuka chini ya vidole, anasoma halafu anakujibu kwa mdomo. Mtu yeyote anayejua kutaipu meseji anaweza kupiga naye stori, hakuna mafunzo. 2015, sheria ile ilipotimiza miaka 25, alikuwa Ikulu ya Marekani na Obama mwenyewe akamtaipia, rais mzima anatafuta herufi.

Yapo pia ya kupanda mwamba wa barafu Alaska na kujenga shule Mali akiwa bado sekondari, ni vituko vitamu, sitawamalizia.

Nyota ya tano nimeikata kwa sababu ya jina la kitabu. Kinakuahidi Harvard halafu Harvard yenyewe inapita haraka, ukizubaa imekwisha, na stori zinarukaruka miaka, leo mtoto kesho chuo, ukiwa unasikiliza kwenye daladala unaweza kupotea ukaanza kurudisha nyuma. Na ile kesi ya Scribd, ile maktaba ya mtandaoni iliyokuwa haisomeki na wasioona, yeye alikuwa mmoja wa mawakili upande wa chama cha wasioona, na 2015 jaji wa Vermont akakubali kwamba sheria ile ya watu wenye ulemavu inazigusa hata biashara za intaneti. Hiyo ndo ningetaka anichimbie mpaka mizizi, mabishano ya mahakamani, nani alisema nini. Wakili mzima unatunyima kesi dada!

Kiingereza chake chepesi, sura fupi fupi, mtu wa fomu foo anakimaliza bila shida. Ila kama unatafuta kitabu cha kulia na kumwonea mtu huruma, hiki sio, mwenyewe hapendi kabisa kuitwa mfano wa kuigwa na watu ambao mlangoni kwao bado hawajaweka hata njia ya mteremko. Mwishoni ameweka mwongozo mfupi wa namna ya kufanya huduma zifikike kwa watu wenye ulemavu. Wenye shule, hoteli na wanaotengeneza app, anzieni hapo hata kabla ya sura ya kwanza.