Pawa saplai ya deskitopu imekufa: ununue ipi na ipi uiache hukohuko dukani

Wakuu, deskitopu nyingi tulizonazo majumbani ni zile zilizotumika maofisini huko Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zikashushwa na makontena zikaishia Kariakoo au Luthuli kule Nairobi. Ni mashine ngumu kweli na ukiwekea SSD inakimbia vizuri tu, ila pawa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme kwa mashine nzima) ndo inayopokea kila kipigo umeme ukikatika na kurudi, kwahiyo nayo ndo inawahi kuondoka. Sasa mtu anaingia dukani anaambiwa "hii hapa mpya, wati 500, bei poa", anaifunga, baada ya muda mazabodi (bodi kuu ya mashine) nayo inaondoka. Hii inaniuma sana kwasababu mashine ilikuwa inapona kabisa.

Kabla hujatoa hela hakikisha kweli ni pawa saplai. Kama feni zinazunguka na taa inawaka ila skrini haileti kitu, usikimbilie pawa saplai, anza na rami: zima, chomoa waya wa umeme, toa rami, futa meno yake kwa ufutio wa penseli taratibu, rudisha moja moja ukijaribu soketi tofauti. Kama saa na tarehe vinarudi nyuma kila ukiwasha, hiyo ni betri ya CR2032 ya volti 3 pale kwenye mazabodi, kitu cha hela ndogo. Kama inazima ukiwa unafanya kazi nzito, angalia kwanza upande wa joto, vumbi kwenye feni ya prosesa na pesti iliyokauka, mana hayo nayo yanazima mashine vilevile.

Ila kama imekufa kabisa, hakuna taa hakuna feni, au inashtuka sekunde moja inazima, au umesikia harufu ya kuungua, hapo sawa tuangalie pawa saplai. Jaribu soketi nyingine ya ukutani bila ekstensheni, na badilisha waya wa umeme. Kama boksi limetoka Marekani cheki nyuma kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230, kwetu lazima kiwe 230, ukichomeka kikiwa 115 itapasuka hapohapo. Dell OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa ndogo nyuma ya pawa saplai yenyewe, waya wa umeme ukiwa umechomekwa bonyeza, taa ya kijani ikiwaka inatoa umeme, isipowaka chomoa nyaya zake zote kwenye mazabodi na diski ubonyeze tena, ikiwaka safari hii basi kuna kitu ndani ya boksi kinaivuta chini na pawa saplai yako ni nzima. Hapo watu wengi wananunua mpya bure kabisa.

Kwa zile za kawaida, ambazo plagi yake kubwa ya kwenda kwenye mazabodi ina pini 24, tumia multimeta (kifaa cha kupimia volti). Mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa ukutani, waya wa zambarau lazima uwe na volti 5 muda wote. Ikiwaka, njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, ya chungwa karibu na 3.3. Ikiwa njano inashuka chini ya hapo ukifungua vitu vizito, umeshapata jibu. Na tafadhali usifungue lile boksi la pawa saplai lenyewe kama si fundi, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Haya, sasa kununua.

Namba moja kwangu, kwa hizi mashine za ofisi, ni pawa saplai orijino iliyotumika ya modeli ileile. Najua wengi mnaogopa used, ila nisikilizeni. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hazitumii pini 24, zinatumia pini 8, EliteDesk 800 G1 ni pini 6, ThinkCentre M93p ni pini 14. Halafu zile boksi nyembamba za SFF zina pawa saplai ndefu nyembamba, ya kawaida haiingii hata ulazimishe vipi. Orijino inakaa palepale, skrubu zilezile, na imetengenezwa kwa viwango vya ofisi kubwa. Usiogope kuona wati ndogo, OptiPlex 9020 ya mnara (lile boksi kubwa la kusimama) imekuja na wati 290 tu na SFF yake 255, na zinatosha, prosesa kama i5-4570 imepangiwa wati 84, na mashine yote ikiwa na SSD bila kadi ya grafiki haifiki 150. Nenda na ile mbovu mkononi, linganisha namba ya pati kwenye stika, iwashwe mbele yako kwenye mashine ya dukani iachwe hata nusu saa, nusa, sikiliza feni, na udai risiti yenye siku za kurudisha hata kama ni wiki mbili. Muuzaji akikataa kuiwasha, toka.

Namba mbili ni mpya ya kampuni inayojulikana, Corsair, Seasonic, Cooler Master na wa aina hiyo, yenye alama ya 80 Plus, yaani imepimwa kwamba haipotezi umeme mwingi. Hii inapanda kuwa namba moja kama boksi lako ni la kuunganisha mwenyewe, la pini 24, au unataka kuweka kadi ya grafiki. GTX 1650 peke yake ni wati 75, na zipo zinazodai waya wake wa pini 6 ambao pawa saplai ya ofisi haina. Wati 450 za ukweli zinatosha watu wengi sana. Alama ya 80 Plus, iliyoanza 2004, inabandikwa hovyo siku hizi kwahiyo cheki jina la modeli kwenye orodha yao mtandaoni kabla ya kulipa. Kwa Dell ya mnara kuna adapta ya kutoa pini 24 kwenda 8, inafanya kazi, ila pima nafasi kwanza na nunua adapta yenye nyaya nene.

Namba tatu, kupeleka kwa fundi. Kama tatizo ni kapasita zilizovimba upande wa kutoa umeme au feni imekwama, fundi mzuri anaiokoa kwa hela kidogo, mwambie aweke kapasita za nyuzi 105 na volti zisipungue za mwanzo, na aipime ikiwa inaendesha mashine siyo ikiwa juu ya meza peke yake. Ikiwa imepasuka upande wa kuingiza umeme mimi sitengenezi, naachana nayo.

Ya mwisho, ambayo naomba kabisa msinunue, ni zile nyepesi zisizo na jina la maana zimeandikwa wati 500 au 600. Soma stika mwenyewe: tafuta mstari wa 12V, chukua ampea zidisha kwa 12. Ukikuta 12V ni ampea 14, hiyo ni wati 168, na prosesa pamoja na kadi ya grafiki vinakula hukohuko kwenye 12V, sasa hizo 500 ziko wapi? Nyingi hazina hata sakiti ya kujizima volti zikipanda, kwahiyo siku inakufa inaondoka na mazabodi na diski yenye picha za watoto wako.

Kuna wakati pia inafaa kununua boksi zima lingine la modeli ileile, hasa kama mazabodi nayo umeitilia shaka, unapata pawa saplai, rami na diski za akiba kwa mpigo. Ulizia bei zote mbili kabla hujaamua.

Ukishafunga, tenga na hela ya UPS. Kumbuka ile ya 650VA siyo wati 650, wati zimeandikwa pembeni na huwa pungufu sana, ila kwa mashine hizi na monita moja inatosha, na chukua yenye AVR (kirekebisha volti) ndani ili umeme ukishuka isikimbilie betri kila saa. Printa ya leza usiichomeke humo.