Gokati Nairobi: Nilivyopitwa na mtoto mara tatu, na yaliyofuata

Bendera ya buluu ilipopepezwa mbele yangu kwenye uwanja wa gokati, vile vigari vidogo vya mashindano, nilidhani kijana wa uwanjani ananishangilia. Nikamwinulia mkono. Mzunguko uliofuata akaipepea tena, safari hii kwa hasira, na kabla sijaelewa, msichana wa miaka kama kumi na miwili akanipita upande wa ndani wa kona na kutokomea. Alinipita mara tatu ndani ya dakika kumi. Kumbe bendera ya buluu maana yake ni kwamba aliye nyuma yako ana kasi kuliko wewe, mpishe. Tulikuwa tumeambiwa hivyo kwenye maelezo ya mwanzo, ila maelezo yenyewe yalichukua dakika tatu hivi, kando ya vigari vinavyonguruma, nami nilikuwa bado nahangaika na kamba ya helmeti.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 41, na nimeendesha gari Nairobi miaka 15. Thika Road saa kumi na mbili jioni naijua, na matatu ikipanda kando ya barabara kunikata mbele sishtuki tena. Aliyeniburuta kwenye gokati ni kijana wa kaka yangu, ambaye tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 hana hadithi nyingine. "Anti, wewe gari unalijua, utatuonyesha," aliniambia. Nikavimba kichwa.

Uwanja tulioenda uko upande wa Lang'ata. Jina silitaji, kwa kuwa nina ya kusifu na nina ya kulalamikia. Tuanze na malalamiko, niyatue. Tulihifadhi nafasi ya saa tisa alasiri siku ya Jumamosi, nikalipa kwa M-Pesa shilingi 2,000 kila mtu kwa dakika 10, tukaingia saa kumi na dakika ishirini. Kampuni fulani ilikuwa imeleta wafanyakazi wake kustarehe, na wao wakapitishwa mbele. Hakuna aliyetuomba radhi. Helmeti niliyopewa ilikuwa na jasho la watu wa wiki nzima na ilinicheza kichwani. Ilibidi niombe nyingine mara mbili. Omba hata mara tano, usione haya. Helmeti ikizunguka ukitikisa kichwa, hiyo si yako. Kofia ya kitambaa ya kuvaa ndani nilinunua palepale kwa shilingi 200, na kwa harufu ile ningelipa hata 500.

Sasa kigari chenyewe. Ukikitazama unaona fremu ya mabomba, kiti cha plastiki na usukani, umeketi karibu uguse lami. Injini iko ubavuni mwako. Nilipoiangalia vizuri nikaitambua: ni Honda GX200, ileile kaka yangu anayovutia maji shambani Mwea. Sichekeshi. Ni injini ya sentimita za ujazo 196, wanaifunga kwenye pampu, kwenye jenereta, na kwenye gokati. Na ndivyo mchezo wenyewe ulivyozaliwa: mwaka 1956 huko California, Art Ingels alitengeneza kigari cha kwanza kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi. Lewis Hamilton naye alianzia kwenye gokati akiwa na miaka minane. Kwa hiyo usidharau pampu ya maji.

Kigari hakina gia wala klachi ya kukanyaga. Mguu wa kulia ni mafuta, wa kushoto ni breki. Hapo ndipo miaka yangu 15 iliponiponza. Gari langu ni la gia za kubadilisha kwa mkono, na mguu wangu wa kushoto umezoea kushuka hadi chini kwa klachi. Kona ya kwanza kali, mguu huo ukafanya ulichozoea. Vigari vya kukodi vya pale vina breki ya magurudumu ya nyuma tu. Ukiikanyaga hivyo nyuma inakwama na kuteleza. Nilizunguka kama pia, nikasimama nikiwatazama wanaonijia. Bendera ya manjano ikapanda, wenzangu wakapunguza mwendo, kijana wa uwanjani akaja kunisukuma. Kijana wa kaka yangu alipita akicheka hadi nikamsikia ndani ya helmeti.

Mwisho wa zamu wanakupa karatasi ya muda. Mzunguko wangu bora ulikuwa sekunde 53.8. Wa msichana yule, 43.1. Nilimwangalia akivua helmeti, nywele zimesukwa matuta, anakunywa soda bila hata kutweta. Mikono yangu mimi ilikuwa ikitetemeka.

Wengi huishia hapo, wanapiga picha na kwenda nyama choma. Mimi sekunde kumi na ushei zilininyima usingizi. Nikarudi Jumanne asubuhi, siku ya kazi, nimeomba ruhusa ya nusu siku. Bei ilikuwa nafuu kidogo, uwanja mtupu, na fundi alikuwa amekaa juu ya tairi anakunywa chai. Mzee wa makamo, vidole vyeusi kwa grisi. Nilipomaliza zamu ya kwanza akaniita.

"Madam, unaendesha kama uko kwenye boda."

Nikamuuliza kivipi, fundi. Akainua nyuma ya kigari kimoja akanionyesha ekseli: chuma kimoja kimenyooka toka gurudumu hadi gurudumu. Hakuna difu. Kwenye gari la barabarani, ukikata kona, difu inaliacha gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani. Hapa yote mawili yanalazimika kwenda mwendo mmoja, kwa hiyo kigari kinataka kwenda moja kwa moja tu. Kinachokiokoa ni kwamba ukizungusha usukani, umbo la mbele linainyanyua kidogo nyuma ya upande wa ndani, gurudumu lile linapungukiwa na uzito, kigari kinapinda. Mimi nilikuwa najilaza ndani ya kona kama abiria wa boda boda, nalibana chini gurudumu lililotakiwa kunyanyuka. "Kaa wima. Mgongo uguse kiti. Wachia chuma kifanye kazi yake."

Kisha breki. Funga breki kigari kikiwa kimenyooka, achia, ndipo ukate kona. Usifunge huku unapinda. Anzia nje kabisa, subiri, subiri tena, gusa ukingo wa ndani ukiwa umechelewa kidogo, kisha kiache kikupeleke nje chenyewe huku unaongeza mafuta. "Ingia kama mgeni, toka kama mwizi," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Kuhusu kuingia polepole nilibisha. Akaniambia tazama, tuko Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini hii haina turbo ya kuisukumia hewa kama hizo Subaru zenu. Pumzi yake ni fupi. Mwendo ukiupoteza katikati ya kona kwa kuteleza, utatumia mstari wote ulionyooka kuutafuta upya. Hapo nikaelewa kwa nini msichana yule hakuwa na kelele yoyote ya matairi. Kelele niliyokuwa nikijivunia ilikuwa mwendo wangu unaomwagika.

Zamu ya pili asubuhi ileile: 48.9. Nilimtumia fundi ya chai, na kwa maoni yangu zile ndizo pesa nilizotumia vizuri kuliko zote. Anayeanza akiniuliza, namwambia hivi: usilipie zamu tatu mfululizo Jumamosi. Lipia moja, halafu tafuta mtu mwenye jicho asimame kwenye kona inayokushinda akutazame. Watu wa pale wengi watakubali uwanja ukiwa mtupu. Jumamosi hawana muda nawe.

Vigari navyo havilingani, hata wakikuapia. Namba 4 kilikuwa kinavuta kushoto kila nikifunga breki, nilipolalamika nikajibiwa "ziko sawa tu." Namba 9 kilikwenda kama maji. Uzito nao haudanganyi: mimi ni kilo 82, kijana wa kaka yangu hafiki 60, na pale hakuna anayemwongezea vyuma vya kusawazisha. Kwa hiyo nijilinganishe na nani? Na mimi wa wiki iliyopita, basi.

Mwili utaumia, hilo hakuna aliyenionya. Kigari hakina springi wala shokabu, kila kibonge cha lami unakipokea kwa mbavu. Siku iliyofuata ofisini nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai, ikabidi nimwite mlinzi. Nilikuwa nimeshika usukani kama ninayening'inia mlangoni mwa matatu. Ukiulegeza mkono kwenye sehemu iliyonyooka, maumivu yanapungua nusu. Nimejinunulia glavu, na kinga ya mbavu naitafuta. Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli nyembamba. Skafu, leso, kamba za jaketi, vyote viache kwenye gari. Kitambaa kikinaswa na ekseli inayozunguka, hakikupi nafasi ya kujieleza. Nywele ndefu zifungwe ziingie ndani ya kofia.

Mvua ikiwa imenyesha, kaa mbali na kingo zilizopakwa rangi, zinateleza kama sabuni. Na mizunguko miwili ya kwanza usijaribu lolote, matairi bado ni baridi. Mara ya tatu nilisahau hili nikaenda kuparamia matairi ya pembeni. Bampa ilinisitiri, aibu haikunisitiri.

Nimeshaenda mara tano. Muda wangu sasa ni 45.2. Kwa huduma ya Jumamosi nawapa nyota mbili kati ya tano, kwa ya Jumanne nawapa nne na nusu. Nusu iliyopungua ni ya helmeti. Kaka yangu anashangaa kwa nini nikifika Mwea naenda kuchuchumaa mbele ya pampu yake.

Jumanne ijayo nimehifadhi saa nne asubuhi, nimeomba namba 9. Kijana wake ameniuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia aje, ila ajilipie.